Beki Aliyeitwa Bruno

Mama yake alimpa jina la Leonhard, akalifupisha siku ileile kuwa Leo, na hapo ndipo alipomharibia mwanawe kazi bila kujua. Usichanganye na leo ya jana na kesho. Wajerumani hiyo hawana. Kwao Leo ni jina la mtu, na uwanjani ni neno la kazi: mchezaji akitaka wenzake wamwachie mpira, anaita "Leo!" na wote wanajitenga. Kwa nini neno hilo na si jingine, ukiuliza wanakwambia ndivyo isemwavyo, kisha wanaendelea na bia yao.

Sasa mtoto mwenye jina hilo akapangwa beki wa kati. Mechi yake ya kwanza akichezea watoto wa Wennscheid, mji wa makaa ya mawe uliokwishiwa makaa, kocha alimwita "Leo!" kutoka pembeni arudi nyuma. Watoto wote waliokuwa karibu na mpira wakasogea kando kwa adabu, nao ukaingia wavuni. Kocha akamwendea.

"Ukoo wenu nani?"

"Brunkhorst."

"Basi wewe ni Bruno. Habari za yule mwingine tusizisikie tena hapa."

Hazikusikika tena. Akawa Bruno shuleni, Bruno timu ya vijana, Bruno kwa mtangazaji wa uwanja. Gazeti la mji liliandika L. Brunkhorst, na msimu mmoja mzima likamwita Lutz. Hakulalamika. Beki akitajwa sana gazetini ujue kuna kitu kimeharibika. Mkewe Silke, mpishi wa kantini ya klabu, siku ya ndoa aliposikia msajili anasoma Leonhard alicheka hadi akapaliwa, kisha akaendelea na Bruno wake.

Alicheza Wennscheid maisha yake yote, ligi ya tatu. Mbio hakuwa nazo, wala hakuwahi kuzitafuta. Alichokuwa nacho ni kusimama mahali pa kuudhi. Washambuliaji walimvunja pua zaidi ya mara moja, kila mara upande uleule, mpaka daktari wa timu akawa anamuuliza kama anapendelea iachwe hivyohivyo.

Aliyebaki kumwita Leo alikuwa mama yake, na mama akafariki majira ya baridi ya msimu wake wa mwisho. Baada ya mazishi jina likakosa mtu wa kuliita. Lilimuuma jambo hilo, akashangaa linavyouma, asimwambie mtu.

Msimu wenyewe ulikuwa mbaya. Ikafika mechi ya mwisho: wakipata sare wanabaki, wakifungwa wanashuka kwenye ligi ya watu wanaocheza baada ya kazi, na kantini inafungwa. Bruno alikuwa anastaafu siku hiyo. Hakutaka kombe wala hotuba. Alitaka kuiacha timu pale alipoikuta, basi.

Wiki hiyo kipa wa kwanza akavunjika kidole gumba, na wa pili akateleza bafuni kwa namna ambayo mpaka sasa haielezi vizuri. Shirikisho likaruhusu kipa wa dharura. Akapatikana Jesper Vestergaard, Mdenmaki, aliyekwishastaafu akawa anauza makabati ya jikoni. Bruno, kwa kuwa ndiye nahodha, akaenda kumpokea stesheni kwa gari lake.

"Karibu, kaka. Mara ya mwisho ulidaka lini?"

"Mwaka juzi, harusini kwa shemeji."

"Harusini?"

"Maua aliyorusha bibi harusi. Wasichana hawakufurahi." Jesper akafunga mkanda. "Wewe nikuiteje?"

Swali hilo hakuna aliyewahi kumuuliza. Wote walikuta jibu tayari. Akajibu kabla hajafikiri.

"Leo."

"Leo. Jina zuri hilo."

Akaona raha, raha ya kweli, akaendesha polepole ili wasifike upesi.

Mazoezini wenzake wakawa wanamwita kama kawaida, na Jesper akamvuta pembeni.

"Mbona wanakuita Bruno?"

"Utani wa zamani."

"Mimi sipendi kubandika watu majina," Jesper akasema. Mtu muungwana kabisa.

Hapo ndipo Bruno alipopaswa kumweleza. Denmaki hawalijui neno lile, na Wennscheid hakuna aliyekumbuka kumfundisha, kwa kuwa hakuna anayefundishwa ukubwani. Ni kama kumfundisha mtu kupiga chafya. Lakini alitaka kulisikia jina lake mara moja zaidi. Akanyamaza.

Mechi ikaenda bila bao hadi dakika za nyongeza. Ukaja mpira mrefu, unadundadunda kivivu, mshambuliaji wa wapinzani yuko nyuma yake. Bruno alikuwa ameshainua mguu wa kushoto aupeleke maegesho ya magari. Jesper, langoni, akaona nahodha amekaa vizuri, akamhimiza kwa jina.

"Leo!"

Mguu ulisikia kabla ya mwenyewe. Ukashuka. Akajitenga, akatanua mikono kuwazuia wenzake, na mpira ukapita baina yao ukikosa mwenyewe. Mshambuliaji akaufuata, akausukuma wavuni kwa paja.

"Mbona umeuacha?" Jesper akauliza.

"Si umeita?"

"Nimekuita wewe."

Kipyenga kikalia. Wennscheid wameshuka.

Kule timu ikishuka haikimbilii bafuni. Inakwenda kusimama mbele ya jukwaa la mashabiki, vichwa chini, isomewe makosa yake. Ulli, fundi bomba na kiongozi wa mashabiki, alikuwa juu ya uzio na kipaza sauti chake.

"Tumesikia wote," akasema. "Kipa kaita Leo, halafu kasimama kama kabati lake la dukani. Asogee mbele tumwone."

Jesper akasogea. Wakaanza kumzomea. Bruno angeweza kunyamaza. Bango la kumuaga lilikuwa pale pale, limekunjwa, linamsubiri. Akaogopa. Kisha akanyoosha mkono akaomba kipaza sauti.

"Mwacheni. Hakuuita mpira, aliniita mimi. Mimi ndiye Leo. Nilimwambia mwenyewe, sikumwambia kwamba huku haifai. Kosa langu."

Ulli akainama juu ya uzio.

"Wewe si Bruno?"

"Bruno ni ukoo. Brunkhorst."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

"Mie nilijua Lutz," mtu akasema kwa nyuma.

Ulli akachukua kipaza sauti chake. Wimbo wa kumuaga walikuwa wameufanyia mazoezi wiki nzima. Mmoja akanong'ona kwamba labda sasa wabadilishe jina. Ulli akamwambia wameshazoea hivyo, watavurugana. Wakakunjua bango, wakaimba Bruno, Bruno, jukwaa zima, wengine wakilia kwa sababu ya kushuka na wengine kwa sababu yake.

Yeye akasimama wima akiwapigia makofi, machozi yanamtoka, hakuyafuta. Jesper akamwinamia sikioni.

"Wanamwimbia nani?"

"Mimi," Leo akasema.