Miti ya Muhogo Niliyoitia Moto

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, kabla ya vita, nilipokuwa mke kijana hapa Kindu, Maniema yetu, na kiburi kimenijaa mpaka puani. Nilikuja kuolewa kutoka kijijini kwetu Tunda na mafungu mawili ya miti ya muhogo, mbegu ya mama yangu. Muhogo ule haukuoza upesi ardhini, na unga wake ulikuwa mweupe sana. Wanawake wote wa upande wetu wa mto waliusifu ugali wangu. Badala ya kushukuru, nikaanza kuvimba kichwa.

Wewe mwenyewe unajua desturi yetu. Mwanamke aking'oa muhogo hukata miti yake, huchukua ya kupanda, na inayobaki huilaza kando ya njia. Anayepita akiihitaji hujichukulia. Jirani yangu Mama Yowani, Mkristo, mwenye shamba nyuma ya kijito, alikuja kuniomba hata kabla sijamaliza kung'oa. Nikamwambia kama anataka muhogo wa Tunda, njia ya kwenda Tunda anaijua. Alipoondoka, nikaikusanya miti yote iliyobaki nikaitia moto, ili unga ule uwe wangu peke yangu. Usinitazame hivyo. Nilikuwa mjinga, tena mjinga mwenye nguvu za kulima.

Mama mkwe wangu, Mama Riziki, aliuona moshi akaja. Alikuwa mfupi, asiyekosa swala hata moja, na sauti yake ilikuwa ndogo mpaka ukalazimika kunyamaza ili umsikie.

"Mama Zaina, unachoma nini?" akaniuliza. Zaina ni binti yangu wa kwanza.

"Ni miti yangu, mama. Nililima miye mwenyewe."

"Shamba iko yako. Lakini mbegu haiko ya mutu moja. Siku utakosa, utaomba kwa nani?"

Nikakunja uso. Yeye akaingiza mikono motoni, akavuta miti ambayo haijaungua, akaifunga kwa kamba, akajitwika na kwenda zake. Nilidhani amenuna. Sikumuuliza ameipeleka wapi, naye hakunitajia habari ile tena.

Kisha vita vikafika. Sitakusimulia yote. Tulikimbilia msituni kwa njia ya Pangi, mimi, mume wangu, watoto watatu na Mama Riziki, tukaishi kwa majani na tulichookota. Tuliporudi, nilikuta askari walikuwa wamepiga kambi shambani kwangu, kwa sababu lilikuwa kando ya barabara. Muhogo wameumaliza, hata ule mchanga, na miti yake wameipikia. Nilizunguka shamba zima nikitafuta angalau mti mmoja wenye jicho la kuchipua. Hakuna. Treni ilikuwa haiji tena, chumvi haionekani, na mtoto wangu wa mwisho ameanza kuvimba miguu kwa njaa. Bila mbegu ya kupanda, niliona wazi kwamba nitawazika wanangu. Nikaketi kwenye majivu ya meko yao nikalia.

Mama Riziki akaniambia, "Simama. Twende kwa Mama Yowani."

Heri angeniambia nirudi msituni! Nilimfuata huku nimeinamisha kichwa, nikijiuliza nitamtazama vipi mwanamke niliyemfukuza kwa maneno makali. Shamba lake, kwa kuwa lilikuwa nyuma ya kijito, askari hawakulifikia. Nilipoinua macho, niliitambua miti iliyosimama pale kwa shina lake jekundu. Ulikuwa muhogo wa kwetu, wa Tunda.

Mama Yowani alijifuta jasho akanitazama. "Karibu. Unatafuta njia ya kwenda Tunda?" Akacheka, nami nikacheka huku machozi yananitoka. Kisha akanishika mkono. "Usilie, dada yangu. Mama mukwe wako njo alileta hii. Alisema ni wewe ulimutuma. Nilijua anadanganya, lakini nilipanda."

Nilimgeukia Mama Riziki. Alikuwa ameshaanza kukata miti, kama hakusikia kitu. Huo ndio uongo pekee niliowahi kumjua nao, Mungu amsamehe. Aliokoa mbegu yangu, akaniokolea na jina langu kwa jirani, wakati mimi nilikuwa nimemnunia.

Siku ile tulipewa mafungu matatu ya miti, na kapu la muhogo na majani yake ya kupika sombe, na tuliendelea kula kwa Mama Yowani mpaka wetu ukakomaa. Mama Riziki alikataa tupande mahali pamoja. Tulipanda kidogo kando ya barabara, kidogo juu kilimani, kidogo ndani kabisa ya msitu. Mtoto wangu alipona. Leo anatengeneza baiskeli pale sokoni. Mama Riziki aliula muhogo ule misimu miwili tu, kisha akatutoka. Nilimpenda kwa kuchelewa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Msimu uliopita mto ulipopanda na kufunika mashamba yote ya bondeni, uliona mwenyewe mitumbwi iliyokuja kutoka ng'ambo ikiwa imejaa miti ya muhogo. Hakuna aliyewaita wanawake wale. Nilimuuliza mmoja, msichana aliyezaliwa baada ya vita, nani aliyemfundisha. Alinishangaa. "Hakuna, bibi. Sisi tunafanyaka hivi tu." Nilisimama pale ukingoni nikawatazama wakishusha mizigo, nikaona fahari kuwa mwanamke wa Maniema.

Basi, mwanangu, nisikilize. Usipande shamba lako lote mahali pamoja, hata udongo ukikupendeza vipi. Ukiwa na mbegu nzuri, igawe mapema, wakati bado huna shida, na mpe hata yule mliyekosana naye. Na ukimwona mwenzako anakosea, mkemee, kisha umsitiri. Mungu akupe mvua kwa kiasi, akupe majirani wenye mkono wazi, na siku utakapofika mlangoni kwao mikono mitupu, wakukaribishe kwa kicheko.