Balbu Iliyowaka Mkononi

Nikisikia harufu ya plastiki inayoungua, viganja hunitoka jasho. Nilikuwa mdogo, kwetu Ngamiani. Balbu yetu ya kuchaji iliwaka nilipoishika mkononi. Kwa dada haikuwaka.

"We mtoto una jini!" akasema.

Pengine alitania tu. Mama hakucheka, akasema kesho nipelekwe kwa shehe nikasomewe.

Niliogopa. Nikaibeba balbu uani, nikaifungua kwa kisu nilichokipasha moto, plastiki ikanuka kuungua, nijue kinachowaka ni nini. Ndani mlikuwa na betri, si jini; baadaye nilijua jasho la viganja vyangu ndilo lililoiwasha. Nilishusha pumzi, kisha nikaona kisu kimekata waya. Nikaifunga upesi.

Mama akanipa tena niishike. Haikuwaka.

"Limemtoka!" dada akapiga kigelegele.

Mama akanikumbatia huku analia. Sikuthubutu kusema waya nimeukata mimi.