Biashara yetu ya korosho ilianzia kwenye matanga ya mume wangu

Wakuu, walionizidi umri shikamooni, ingawa humu sidhani kama mpo. Waliobaki wote, marahaba.

Mimi ni bibi wa Mnyambe, Newala. Shule niliishia kujua kusoma na kuandika, na hapa nabonyeza kwa kidole kimoja. Makosa mtayakuta. Uongo hamtaukuta.

Juzi kijana mmoja kaweka uzi humu, eti kuongoza biashara ya familia wakati mgumu ni kuwa positive tu, mengine yanajipa. Mmempigia makofi. Haya, mimi niliongoza ya kwangu nikiwa positive kuliko nyie wote.

Mume wangu, Baba Sofia, alikuwa kiwandani, wanabangua korosho. Soko huria lilipoingia, kiwanda kikafungwa. Akarudi na ovaroli lake la bluu, akalitundika ukutani, kila asubuhi analitazama kama mtu anayesubiri kuitwa.

Tukabaki na shamba. Salfa ya kupulizia mikorosho, zamani tuliletewa, sasa kila mtu ajinunulie. Tusiopulizia, ugonjwa wa ukungu ukakausha maua ya mikorosho. Na mnunuzi naye ni mtu binafsi na lori lake, anakuja akijisikia.

Kwetu mjomba ndiye mwenye sauti juu ya ardhi ya ukoo. Mjomba wa wanangu ni kaka yangu Stefano. Akaanza: "Dada, hii mikorosho ni kuni zilizosimama. Tuikate tuchome mkaa."

"Mwaka huu tutavuna."

"Na usipovuna?"

"Nisipovuna, njoo na shoka."

Hapo nikawa nimejifunga mwenyewe. Mikorosho ikikatwa, mimi na wanangu wawili, Sofia na Rehema, kila mtu ashike njia yake.

Msimu ukafika, korosho zinaanguka vizuri. Baba Sofia akafa. Kifua tu, siku chache, kwisha.

Kwa msio wa huku: korosho hatuchumi mtini, tunaokota chini. Zikinyeshewa pale chini, zinaharibika. Na kwenye matanga hakuna anayegusa kazi ya shamba, sembuse mjane. Mimi nimekaa mkekani, nimejifunika khanga, nasikia radi upande wa Masasi, nasikia korosho zinadondoka nyuma ya nyumba. Nilimlilia mume wangu na nilizililia korosho, kwa machozi yaleyale. Atakayenicheka na acheke.

Nikamnong'oneza Stefano awaruhusu watu waokote. Akasema, "Dada, udongo wa kaburi haujakauka. Unataka ukoo utemewe mate?"

Kumbe Bi Zainabu anasikia. Huyu ni Myao wa Nanganga, mtani wetu, na mtani msibani hakatazwi kitu. Akaingia ndani, akatoka amevaa ovaroli la marehemu, miguu inaburuta, anakohoa vilevile alivyokuwa akikohoa yeye.

"Nyie Wamakonde wavivu! Nimelala kidogo tu, korosho zangu mmeziacha chini? Mnakula ugali wangu bure? Stefano, na tumbo lako hilo, shika kikapu!"

Watu wanacheka huku wanalia.

"Mtani, sasa umezidi," Stefano akasema.

"Basi nipe mbuzi nikuache!"

Mbuzi atamtoa wapi? Akainama, akashika kikapu. Waombolezaji wote wakamfuata shambani. Mvua iliposhuka ilikuta chini majani matupu, na korosho zimejaa chumba alichofia mume wangu.

Mnadhani ndiyo imeisha vizuri. Lori halikuja. Tukasubiri mpaka mahindi yakakomaa. Halikuja.

Stefano akaja na shoka begani. Nikamfungulia mlango wa kile chumba. "Nilisema nisipovuna. Nimevuna."

"Utazitafuna na maganda?"

"Tutabangua wenyewe."

Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza kama maji ya betri. Kiwandani walikuwa na glavu. Sisi tulikuwa na karai, moto, jiwe, na majivu ya kujipaka mikononi.

Kila asubuhi nawaambia, "Wanangu, leo ni siku nzuri." Vidole vyetu vinaambuka ngozi, leo ni siku nzuri. Rehema hawezi kushika kijiko, namlisha uji, leo ni siku nzuri. Sofia akaniambia, "Mama, ukisema tena natapika."

Nikasema tena.

Bi Zainabu akawa anatuuzia Nanganga, pale mabasi yanaposimama. Miaka ikaenda hivyo. Stefano alikata mikorosho ya upande wake, akachoma mkaa, mkaa ukaisha, akaja kubangua kwangu. Rehema aliondoka, na mpaka leo hataki hata harufu ya korosho imfikie.

Lakini mikorosho yangu imesimama. Wajukuu wamesoma.

Sasa majuzi tumekwenda na Sofia kusajili laini ya simu. Akaweka kidole, mashine ikakataa. Akaweka kingine. Ikakataa. Binti wa pale anasema, "Mama, futa mkono vizuri." Sofia akafuta kwenye khanga, akafuta tena. Vyote vikakataa.

"Mama, wewe huna alama za vidole," binti akamwambia.

Sofia akanigeukia, anacheka, macho yamejaa maji. "Mama, leo ni siku nzuri."

Mimi sikujaribu hata. Vyangu navijua.

Kwa hiyo wakuu, kuwa na matumaini kunafanya kazi, sibishi. Kulinifanyia. Ila hayo matumaini yanakatwa kwenye mwili wa mtu, na wewe unayeongoza kagua kila jioni ni nani aliyekatwa. Hilo kijana wenu hakuliandika.

Mliosomeshwa kwa korosho za kubanguliwa nyumbani, kashikeni mikono ya mama zenu kwanza, halafu mje mniambie mmekuta nini. Mnaonibishia nanyi karibuni, siogopi maneno.

Laini hii ninayoandikia imesajiliwa kwa kidole cha mjukuu wangu. Cha kwake mashine ilikisoma mara moja.