Taarifa ya Watu Wanne

Niliondoka nyumbani kwangu Kambarage kwa sababu nilitaka kuwa mwenyekiti wa mtaa. Nashona sare za shule, na kwa miaka sita nimekuwa katibu wa kikundi cha wanawake wa mtaa wetu. Wenzangu hao ndio walioniletea fomu ya mafunzo ya uongozi, kwa watu wanaotarajia kugombea nafasi za mitaa na vijiji. Tulichaguliwa watu kumi na wanane. Tulikaa ukumbini mjini kwetu Shinyanga tukifundishwa sheria, kuendesha mkutano na kuandika taarifa. Kisha kila mmoja akapangiwa kijiji cha kuishi wiki mbili, ajifunze kwa kutazama. Mimi nilipangiwa kijiji kimoja nje ya Kharumwa, wilaya ya Nyang'hwale.

Jumatatu asubuhi nilipanda basi la Kahama. Baba Nasra, mume wangu, alinibebea begi hadi stendi, akaniambia nisijifanye najua kila kitu huko niendako. Kahama nikabadili gari. Kuanzia Segese kila kitu kilikuwa na vumbi: malori ya mawe, karasha zikisaga mawe ya dhahabu kando ya mashamba, mahindi yamekuwa ya kijivu kabla ya kukomaa. Palikuwa na mashimo yaliyoachwa wazi karibu kabisa na nyumba za watu, yamezungushiwa miiba kama zizi.

Nilifika kijijini saa kumi jioni. Mwenyeji wangu alikuwa Mama Kulwa, mjumbe wa halmashauri ya kijiji, mwanamke wa makamo anayelima mpunga na kufuga ng'ombe wachache. Alikuwa anaishi na mdogo wake wa kiume, Masunja, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa ametengana na mkewe. Nilimwamkia Mama Kulwa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za watoto wangu mmoja mmoja kana kwamba anawajua.

Siku tatu za kwanza nilikaa ofisini kwa Mtendaji wa kijiji. Alikuwa kijana msafi, mpole, mwenye heshima. Aliniachia niandike barua za kijiji kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri, na sikuficha kwamba nilifurahi.

Ijumaa asubuhi, Masunja alikunywa chai nasi na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Alikuwa amevaa viatu virefu vya mpira.

"Mwangaluka, Mama Nasra," akanisalimia. "Leo naenda kuomba kibarua kwenye duara. Jembe limenichosha."

Duara ndivyo wanavyoliita shimo la kuchimbia dhahabu. Akachukua koleo akaondoka.

Saa nne tukasikia kelele za wanawake. Duara lilikuwa limetitia. Tulipofika tulikuta kifusi na magogo yamelaliana, na watu wakichimba kwa mikono. Mwenye duara alileta kijiko, ile mashine kubwa ya kuchimbia, aliyoiazima kwa mchimbaji mwenzake. Hadi saa tisa walikuwa wametolewa watu wanne. Mmoja alikuwa hai, akakimbizwa hospitali akiwa hajitambui. Watatu walilazwa kwenye turubai, na kina mama wakawafuta udongo usoni ili ndugu wawatambue.

Mama Kulwa alimsogelea Mtendaji. "Mdogo wangu hajatoka."

"Daftari la mwenye duara lina majina manne, Mama," Mtendaji akajibu taratibu. "Wanne wametoka."

"Alikwenda kuomba kibarua leo leo. Ataandikwaje?"

"Huenda hakupata, akapitiliza Geita. Vijana ndivyo walivyo."

Kisha akaniita pembeni, akanipa kalamu. Taarifa ya wilayani ilitakiwa kuondoka jioni ile, na kijiko kilikuwa kinasubiriwa na mwenyewe. Akanisomea maneno: watu wanne walifukiwa, wote wametolewa, uokoaji umekamilika. Chini palikuwa na nafasi ya mwandishi.

Nikamwambia, "Lakini Masunja nilimwona asubuhi."

"Ulimwona anaingia shimoni?"

"Hapana."

"Basi tuandike tunachokijua. Tafadhali, Mama Nasra. Umekuwa msaada sana kwetu."

Nikaandika. Nikasaini. Kabla ya magharibi kijiko kilipakiwa kwenye lori kikaondoka, na nilikitazama kikipita.

Jumamosi Masunja hakurudi, na simu yake haikupatikana. Mama Kulwa alichukua jembe akaenda duarani peke yake. Kufikia adhuhuri majirani walikuwa wamemfuata, na mimi nikiwa miongoni mwao. Tulichimba siku ile na Jumapili nzima, tukitoa udongo kwa ndoo.

Jumatatu saa tano walimfikia. Alikuwa kwenye upenyo wa pembeni, mahali ambapo magogo yalizuia kifusi. Alikuwa amekaa, ameegemea ukuta. Viatu vyake vya mpira alikuwa amevivua, akaviweka pamoja kando yake.

Mchimbaji mmoja aliyeshuka kumtoa alisema kwa sauti ya chini, "Mtu aliyefukiwa ghafla havui viatu."

Mama Kulwa alisikia. Kila mtu alisikia.

Siku ya pili baada ya mazishi alinikuta nafunga begi. Hata hivyo alinisogezea kiti. "Asubuhi ile ulimwona," akasema.

"Nilimwona."

"Na ukasaini."

"Nikasaini, Mama Kulwa. Nisamehe."

"Hilo la kusamehe sijalifikia. Nenda Kharumwa ukawaambie ulichokiona."

Nikaenda. Kwenye ofisi ya wilaya niliandika maelezo mapya kurasa mbili. Afisa alinisomea ile taarifa ya kwanza, kisha maelezo haya, akaniuliza kama kuna aliyenilazimisha. Nikasema hapana. Akagonga muhuri, akasema watanipigia. Hadi leo hawajanipigia, na duara lile nasikia limefunguliwa tena upande wa pili.

Nilirudi Shinyanga kwa njia ileile. Siku ya kuhitimisha mafunzo kila mmoja alitakiwa kusoma aliyojifunza mbele ya wageni. Mwalimu wetu alikuwa amepitia karatasi yangu. "Sehemu ya saini si lazima uisome," akanishauri. "Utajiharibia kabla hujaanza."

Niliisoma. Mzee mmoja aliyekuja kama mgeni aliinua mkono akauliza, "Walikutisha?"

Nilifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu nilitamani iwe hivyo. Nimejiandaa miaka mingi kusimama mbele ya watu wakali. Sikuwa nimejiandaa kwa hili.

"Hapana, baba," nikasema. "Waliniomba kwa adabu, nami nilitaka wanipende."