Wimbo wa Mume Wangu Ulipohamishiwa Zilipendwa

Jumapili hiyo betri za redio nilikuwa nimezianika juani tangu asubuhi, maana wakati ule kupata mpya ilikuwa mpaka ujuane na mtu wa duka la ushirika. Tulikuwa tunakula, mimi na mume wangu, chumbani kwetu Msimbazi, kipindi cha zilipendwa kikaanza. Sikukijali. Kilikuwa kipindi cha wazee, nyimbo za kabla ya Uhuru. Mara ikatoka sauti ya mume wangu.

Akaacha kula. Wimbo ule aliuimba na bendi yake mwaka tuliooana, na hadi Jumapili hiyo mtoto wetu wa kwanza alikuwa bado hajaanza shule. "Wamekosea kipindi," nikamwambia. Akanawa mikono.

Kesho yake akaenda kwa miguu hadi redioni kuuliza. Bwana aliyemkuta kwenye chumba cha tepu alimweleza kwa upole kwamba hakuna hesabu ya miaka iliyowekwa. Wao wanasikiliza magitaa. Bendi zikibadili mtindo, nyimbo za mtindo uliopita zinahamia Jumapili, hata kama mwimbaji yupo hai na anadunda. Niliposimuliwa hayo nilipandwa na hasira, nikasema naenda mwenyewe kumtolea uvivu. Mume wangu akanikataza.

Nikadhani yataisha. Wapi! Vijana wa pale kwenye kahawa, waliokuwa wakimwita kaka, wakaanza kumpa shikamoo. Arobaini hajafika. Anaitikia marahaba huku anatazama chini. Kiongozi wa bendi naye akauacha ule wimbo, eti ukipigwa ukumbini watu wanarudi kukaa. Mume wangu akabaki kuitikia nyuma ya vijana aliowafundisha mwenyewe kushika kipaza sauti. Roho iliniuma kuliko njaa, na njaa ya miaka ile tunaijua.

Alichotaka ni kimoja tu, ahesabiwe bado mwimbaji. Akaomba wimbo wake urekodiwe upya kwa magitaa ya siku hizo, urudi kwenye kipindi cha jioni pamoja na nyimbo mpya. Akawabembeleza bendi, akawabembeleza redio, mpaka wakakubali. Wiki nzima akatafuna tangawizi, akaacha sigara. Siku aliyotoka kurekodi alirudi anacheka peke yake, na mimi nikalala usingizi mzuri ambao sikuwa nimeupata kwa muda mrefu.

Jioni ya kuupiga redioni ilipofika hakutaka kukaa na watu. Akajifungia ndani, nyuma ya pazia. Mimi nikaitoa redio barazani kwa makusudi, kwa sababu jirani yangu, mke wa Mchaga mwenye duka pale mbele, alikuwa anachagua mchele, na hakuna mtu mtaani aliyeupenda wimbo ule kama yeye. Akifua anauimba, akibembeleza mtoto anauimba. Sikumwambia kitu. Nilitaka aje kushtukia mwenyewe.

Magitaa yakaanza, akainua kichwa. Mume wangu akaingia kuimba. Jirani akasikiliza mpaka ubeti wa pili, akaweka ungo chini.

"Jirani, huyu nani anamwiga shemeji? Mbona anamharibia wimbo wake?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Sauti ilikuwa nzito kidogo, ni kweli, miaka imepita, lakini ilikuwa yake. Nyuma ya pazia akajibu mume wangu mwenyewe.

"Sijui, shemeji. Wameokota mtu tu huko."

"Wangekuita wewe," jirani akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Nikazima redio, nikaingia ndani. Alikuwa amekaa kitandani, amevaa shati lake la dansi, limepigwa pasi, vifungo vyote amefunga.