Uvimbe Uliozeeka

Mama Viti alifundishwa na baba yake kusuka viti vya henzirani, enzi ambazo kiti kikichoka kilipelekwa kwa fundi, hakikutupwa jalalani kama ganda la ndizi. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vilibana uzi, vingine vikaupitisha juu, chini, juu.

Ndani ya mkono huo, juu ya kiwiko, palikuwa na uvimbe kama yai la njiwa. Ukiuminya, shoti inakimbia hadi kidole cha mwisho. Aliishi nao miaka, mpaka mumewe alipomburuta hospitali. Wakatoa kinyama kwa sindano. Msomaji wa hadubini akaona viini vya seli vikubwa, vyeusi, vimepinda ovyo. Akaandika: saratani.

Zamani msomaji mwenye shaka alichukua kioo chake chenye kinyama akamgongea mwenzake mlango. Siku hizi kila mtu na chumba chake, na foleni yake.

"Niachie vidole, daktari," Mama Viti alimwomba mpasuaji.

"Mama, ni vidole au roho."

Uvimbe ukatolewa pamoja na nyama ya pembeni na kipande cha neva. Vidole viwili vikajikunja kama mguu wa kuku aliyechinjwa.

Baadaye akaitwa. Uvimbe mzima ulikuwa umesomwa na daktari mwingine, mwanamke asiyejua kuzunguka mbuyu.

"Dada, haikuwa saratani. Ni uvimbe wa ala ya neva, ule utando unaoifunika. Umejifunga ndani ya mfuko wake. Sehemu nyingine seli zimejipanga safu zikitazamana, sehemu nyingine zimelegea, na sikuona hata moja inayogawanyika. Vile viini vya kutisha ni uzee tu. Aina hii huitwa kongwe."

"Kwa hiyo ulizeeka."

"Ulizeeka tu."

"Na neva yangu?"

Daktari akavua miwani. "Ilipita kando. Uvimbe wa namna hii mara nyingi humenywa, neva ikabaki."

"Si mnaweza kuiunga?"

"Kwa pengo lile, sikudanganyi. Nguvu ya vidole haitarudi."

Nyumbani mumewe alikuwa ameshatangaza habari njema, chumba kimejaa watu.

"Wifi, leo tungekuwa tunakukatia sanda," dada wa mumewe akasema. "Sasa tulia, uhudumiwe kama bibi harusi."

"Bibi harusi mwenye mvi," mumewe akadakia. Wakacheka. Mama Viti naye akacheka, maana kununa siku hiyo kungeitwa kukufuru.

Walipoondoka alilowesha uzi wa henzirani, akaubana. Ukamchomoka. Akaubana tena, ukachomoka, maji yakamchuruzika hadi kwenye kovu.

Asubuhi akawatumia wateja ujumbe waje kuchukua viti vyao kama vilivyo, na matundu yake. Alikaa mlangoni hadi jua likazama. Hakuna aliyekuja, walishanunua vya plastiki.