Nyusi Zilizosema Ndiyo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja ya Kanazi, Bukoba vijijini, nilivaa gauni jeupe nililolipiga pasi mara tatu, na nusura nipoteze mtoto wa mwenzangu kabla ya saa nne asubuhi. Nawaandikia ninyi mnaoanza uuguzi sasa, mjue kwamba akili hizi sikuzaliwa nazo.

Nilipangiwa kliniki ya wajawazito. Kazi yangu ilikuwa kuchukua historia, yaani kumuuliza mama anajisikiaje na mtoto anacheza vipi tumboni, kisha kupanga kadi: mwenye shida apimwe kwanza, asiye na shida asubiri foleni. Akaingia binti wa rika langu, Anitha, na mama mkwe wake nyuma. Alipiga magoti kunisalimu, macho chini, kama mke aliyelelewa vizuri anavyosalimu huku kwetu. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nyumbani mimi ndiye niliyekuwa nikipigia watu magoti. Sikumwambia ainuke. Nilimhoji vivyo hivyo, mimi kwenye kiti, yeye sakafuni.

"Unakula vizuri?"

"Ego, waitu." Ndiyo ya heshima hiyo.

"Mtoto anacheza?"

Hapo hakufungua mdomo. Aliinua nyusi haraka, akazishusha. Kwetu nyusi zikiinuka ni ndiyo, mtoto mdogo analijua hilo.

"Huyu hana neno, nesi," mama mkwe akadakia. "Mimi nimezaa sita, ningeona."

Nikaandika kwamba hana malalamiko, nikaichomeka kadi yake chini ya nyingine zote.

Sista Mfawidhi, ndivyo tulivyomwita muuguzi aliyesimamia zahanati, alikuwa kabatini akipanga dawa. Alikuwa mama mnene, mpole wa maneno na mkali wa macho. Maswali yangu hakuyasikia. Alimwona Anitha akiinuka.

"Kokugonza," akaniita, "umemwona huyo anavyonyanyuka?"

"Nimeona amenyanyuka, Sista."

"Ameshika tumbo kwa chini. Halafu amekutazama. Mtu aliyeinamisha macho muda wote ule, amekutazama mara mbili, nawe umeinamia kalamu yako."

Akamwomba mama mkwe, kwa adabu zote, apeleke kadi dirishani kwa karani ikagongwe mhuri. Kisha akatandika mkeka na kuketi. Sikutarajia. Mfawidhi mzima chini, miguu ameinyoosha, akamvuta Anitha akae ubavuni pake, si mbele yake. Wote wawili wakawa wanatazama mlango, kama wanawake wanaopumzika baada ya kupalilia. Akauliza bila kugeuka: "Mara ya mwisho alicheza lini?"

"Juzi jioni," Anitha akasema, machozi yakamtoka.

Alikuwa amebeba mikungu ya ndizi kutoka shambani kwa agizo la mkwewe. Angeyasema hayo mbele yake, ingekuwa kama anamshtaki. Nyusi zake zilikuwa zimemjibu mkwewe, mimi nikadhani zimenijibu mimi.

Sista alimlaza, akaweka sikio kwenye kile kidude cha mbao chenye umbo la tarumbeta tunachosikilizia mapigo ya mtoto. Akasikiliza, akakihamisha, akasikiliza tena. "Yupo," akasema. "Lakini amechoka." Tukamwandikia rufaa, gari likapatikana kwa jirani, Bukoba mjini wakampasua siku hiyohiyo. Mtoto wa kike alilia, nami niliposikia habari nilijifungia stoo nikalia kuliko yeye.

Nilitegemea karipio. Sista Mfawidhi alinipa ule mkeka. "Ukimkabili mtu wa huku uso kwa uso, anakuheshimu tu," aliniambia. "Kaa ubavuni pake. Mwache atazame kwingine, atakuambia."

Nilikaa naye miaka mingi, nikajifunza kusoma vidole vinavyosokota ncha ya kanga, na mwanamume anayecheka huku ameuma meno. Kisha nikahamishiwa Goziba, kisiwa cha wavuvi wilayani Muleba, nikashuka kwenye boti na mkeka wangu kwapani, najiona mtaalamu.

Wiki ya kwanza tu nilichemka. Nilimpima malaria mama mmoja mchuuzi wa dagaa, mtu wa kutoka mbali. Nikaketi ubavuni pake, nikautazama mlango, nikaanza taratibu kumweleza. Akaruka.

"Nesi, mbona hunitazami? Umeona nini kwenye damu yangu? Nakufa?"

"Hapana mama, ni malaria tu."

"Basi nitazame useme!"

Alisikika mpaka mwaloni, kule wavuvi wanakoshusha samaki. Mganga Mfawidhi wa pale, kijana mrefu mwenye utani, alicheka hadi akavua miwani. "Hapa kila mtu amekuja na kwao," akaniambia. "Tazama kwanza yeye anakutazamaje. Mkeka utatandika baadaye." Nikaona haya, lakini nililishika neno lake. Tangu hapo nilikuwa nasubiri macho ya mgonjwa yaniambie nikae wapi.

Nilistaafu nikiwa mjini Bukoba. Sasa naishi Kitendaguro na mwanangu na mkewe Jesca, mkwe ambaye simpati wa kumlinganisha naye. Mwaka huu, nikioga, niligusa kitu kigumu kwenye titi la kushoto. Mimi, mkunga wa miaka yote hiyo, nilinyamaza. Jesca ana ujauzito wa miezi saba. Nilijiambia acha kwanza ajifungue.

Alinisindikiza kliniki kwa ajili ya dawa zangu za presha. Nesi kijana alikuwa ameelekea kompyuta.

"Bibi, dawa unameza kila siku?"

"Ndiyo."

"Hakuna tatizo jingine?"

Jesca alikuwa amekaa pale pale. Nikainua nyusi.

Nesi aliacha kuandika. Hakuwa anatazama uso wangu, alitazama mkono wangu wa kushoto. Nilikuwa nimeubana ubavuni, kiganja cha kulia kimeshika kitenge kifuani. Sikujua. Akamtuma Jesca akachukue namba ya dawa, akavuta kiti chake akakaa kando yangu. Sikuwahi kumfundisha binti yule, sijui jambo hilo alilipata wapi. Tukautazama mlango.

"Ni titi, mwanangu," nikasema.

Wamechukua kinyama cha uvimbe huo kwenda kupima, majibu bado. Nilirudi nyumbani nikatoa mkeka wa Sista, ambao kingo zake nimeshazishona mara kadhaa, nikautandika uani mbele ya migomba. Jesca akaleta chai, akapiga magoti na tumbo lake lile kunisalimu. Alipotaka kuinuka nikaona ameshika tumbo kwa chini, na macho yameniangalia, mara moja, mara mbili.

"Kaa hapa pembeni yangu," nikamwambia.

Akaketi. Migomba ilikuwa inatikisika kidogo.

"Mama, kuna kitu unanificha?"

Nyusi zilitaka kupanda zenyewe. Nikazishusha.

"Kipo," nikamjibu kwa mdomo. "Nawe unacho. Anza wewe."